Jua halifungui mrija wa nyongo

Wiki iliyopita nilipokea mtoto wa siku 97, macho ya manjano, ini gumu limevuka mbavu, na mama aliyekuwa akimwotesha jua kila asubuhi tangu uzazi, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa kliniki. Mama hakukosea, alitii. Nimechoka kuwapokea watoto hawa, ambao mirija yao ya nyongo imeziba, wakiwa wamechelewa, na ninawaomba wahudumu wenzangu wanisikilize.

Manjano ya kawaida ya mtoto mchanga ni bilirubini, rangi ya manjano itokanayo na damu, ambayo ini bado halijaichakata, na mwanga huibadilisha ikaweza kutoka mwilini. Ndiyo maana wodini tuna taa za buluu. Katika ugonjwa huu wa mirija ya nyongo kuziba, ini limekwisha kuichakata, ila haina pa kupitia, hivyo hata jua la mwaka mzima halitasaidia. Kwa hiyo manjano yakizidi siku 14, pimeni bilirubini kwa sehemu zake mbili, iliyochakatwa na isiyochakatwa. Majibu yanayoonyesha jumla peke yake hayanisaidii kitu, na ndiyo ninayoletewa karibu kila mara.

Kisha fungueni nepi. Mkojo huwa mzito kwa rangi, na choo hupauka kama udongo wa mfinyanzi, lakini wengi husubiri kiwe cheupe kabisa kama chokaa, na hapo ndipo wanapopotea. Choo cha manjano hafifu nacho ni cha kutiliwa shaka. Wakati mwingine rangi huwa juu tu. Ukikipasua kwa kijiti, ndani unakuta kimepauka. Taiwan ilieneza kadi ya rangi za choo nchi nzima mwaka 2004, ikiwa ndani ya daftari la afya la mtoto, na watoto wakaanza kufika mapema zaidi. Msidanganywe na mtoto anayenyonya vizuri na kunenepa, kwani mwanzoni wengi wao huwa hivyo.

Upasuaji wa kuipa nyongo njia mpya aliuanzisha Morio Kasai huko Sendai, Japani, mwaka 1955. Tunaondoa mabaki ya mirija pamoja na kovu lililo kwenye lango la ini, kisha tunapandisha kitanzi cha utumbo mwembamba na kukishonea hapo, ili vijirija visivyoonekana kwa macho vimwagie nyongo humo. Ukikata kwa kina kidogo mno huvifikii; ukizidisha unaliumiza ini.

Vitabu husema tufanye kabla ya siku 60, nami nasisitiza hivyo, ingawa nimewafanyia watoto wa siku 50 nyongo isitoke, na wa siku 90 ikatoka. Upasuaji huu hauponyi ugonjwa moja kwa moja. Nyongo ikitoka, maambukizi ya mirija hubaki tishio, na wengi hatimaye huhitaji kupandikizwa ini, jambo ambalo kwa familia nyingi za huku maana yake ni safari ya India na harambee ya ukoo mzima. Ndiyo maana kwa mtoto wa siku 97 nilisita kuliko nilivyowaonyesha wazazi wake: ini lilikuwa limeanza kujaa makovu, na kisu kingeweza kumwongezea maumivu bila faida.

Tulimfanyia Jumanne. Leo asubuhi mama ameniletea nepi yenye doa la kijani, rangi ya nyongo, dogo kama ukucha. Nimelisogeza dirishani nikalitazama mara mbili, na bado sijathubutu kumwahidi chochote.