Magamba ya birika hayaendi kwenye figo

Juzi nimetumiwa tena ile picha. Birika limepigwa kwa juu, ndani limejaa magamba meupe, na chini pameandikwa kwamba haya ndiyo tunayokunywa kila siku na ndiyo yanayowajaza watu mawe kwenye figo. Aliyenitumia ni mama mmoja wa Tegeta, mteja wangu wa zamani, na kaongeza ombi: nimfungie mtambo wa kulainisha maji wiki hii hii, kwa sababu mumewe kapigwa picha hospitali na kukutwa na mawe. Mitambo hiyo ndiyo inayonilisha. Ningenyamaza, ada ya shule ingelipika mapema. Lakini picha hii nimetumiwa mara nyingi mno, na leo nitasema.

Kemia kwa haraka. Maji magumu ni maji yaliyoyeyusha kalsiamu na magnesiamu nyingi. Mvua inaponywea ardhini inabeba kaboni daioksaidi, inapata uchachu kidogo, na uchachu huo unalamba mawe ya chokaa. Pwani yetu imekaa juu ya mawe hayo. Pale Wazo Hill wanayachimba kutengenezea saruji, na Unguja ukichimba kisima karibu kila mahali unakutana na matumbawe. Dodoma hakuna matumbawe, lakini maji yake ya bomba kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Makutupora, katika bonde kame ambako jua hunywa maji na kuacha chokaa udongoni. Maabara huandika ugumu kama miligramu za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, kwa lita. Chini ya 60 ni laini, juu ya 180 ni magumu sana. Kisima cha 400 hakinishtui.

Sasa turudi ndani ya birika. Maji yakipata moto, ile kaboni daioksaidi inatoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwa hisani yake inakosa pa kukaa, inaganda kwenye koili na kwenye kuta. Kwa hiyo magamba ni ile chokaa iliyokwisha kutoka kwenye maji. Chai uliyoimimina ina chokaa pungufu kuliko maji yaliyotoka bombani. Picha inayotumwa kuwatisha watu inaonyesha kinyume cha kilichoandikwa chini yake, na sijui kwa nini hakuna anayeona.

Na hata ukiyameza? Magamba hayo ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye vidonge vingi vya kutafuna vya kiungulia. Yakifika tumboni yanakutana na asidi na kuyeyuka. Tupige hesabu. Maji yenye ugumu wa 300, tuseme wote ni wa kalsiamu, ukinywa lita mbili kwa siku umepata kama miligramu 240 za kalsiamu, maana kalsiamu yenyewe ni kama asilimia 40 tu ya uzito wa chokaa. Glasi kubwa ya maziwa inakupa karibu 300. Mtu mzima anahitaji kama 1,000. Sijawahi kutumiwa picha ya glasi ya maziwa yenye onyo la figo. Wala ya dagaa.

Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu okzaleti, na wengi wakisikia neno kalsiamu hapo wanafunga kesi. Okzaleti inatoka kwenye chakula, mchicha ukiwemo, na karanga. Kalsiamu ikikutana nayo tumboni, inaishika na vyote viwili vinatoka chooni bila kupita kwenye figo. Ndiyo maana madaktari siku hizi hawamwambii mgonjwa wa mawe aache maziwa. Kinachogandisha mawe kwa watu wengi ni mkojo mzito, na mkojo mzito katika joto letu unatokana na kutokwa jasho kutwa bila kunywa. Nilimuuliza yule mama mumewe anakunywa nini. Chupa moja ndogo ya maji ya dukani, asubuhi mpaka jioni, maana ya bomba anayaogopa. Hapo ndipo hasira ilipoanza. Hofu ya picha imemwondoa mtu kwenye maji, na maji ndiyo dawa aliyoihitaji.

Sitasema jambo hili limefungwa kabisa. Tafiti za maji magumu na mawe zimegongana: baadhi zimeona kalsiamu ikipanda kwenye mkojo wa wanaokunywa maji magumu, bila mawe yenyewe kuongezeka. Mtu ambaye tayari ana mawe afuate daktari wake, asinifuate mimi fundi. Kuna pia tafiti zinazoona magnesiamu ya kwenye maji ikiambatana na vifo vichache vya moyo, nyingine hazioni kitu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Maji yenye salfeti na magnesiamu nyingi yanaweza kumharisha mgeni asiyeyazoea, hilo ni kweli na halipendezi, lakini si figo.

Kuna na ndugu zangu wanaouza mashine za kusafisha maji nyumba kwa nyumba. Wanakuja na kidude chenye vyuma vinne, wanakichomeka umeme ndani ya glasi mbili, moja ya maji yako na moja ya maji ya mashine yao. Baada ya dakika moja glasi yako imekuwa tope la kahawia, ya kwao inang'aa. Mama wa nyumba anashika kifua. Ile kahawia ni kutu ya vyuma vyao wenyewe. Umeme unapita kwenye maji yenye madini, chuma kinaliwa, kutu inamwagika. Maji ya mashine yao hayana madini, umeme haupiti, kwa hiyo hakuna kinacholiwa. Siku wakija kwako, omba waanze upya, kisha chota chumvi ya mezani kidogo uitie kwenye glasi yao safi kabla hawajawasha. Itakuwa kahawia kuliko yako. Utapata mazungumzo mazuri.

Kidude cha pili ni kipima TDS, kile kikalamu chenye namba. Kinasoma jumla ya madini yote yaliyoyeyuka na hakijui yapi. Chumvi ya bahari, chokaa, nitreti, kwake yote ni namba moja. Watu wanakisoma 700 na kulala na wasiwasi. Mtu mwingine anakisoma 200 na kulala vizuri wakati maji yake yana bakteria, ambao hakiwaoni kabisa.

Na sasa jambo linalonikera kuliko yote. Watu wanachanganya ugumu na uchumvi, halafu wananunua dawa ya kimoja kutibu kingine. Visima vya karibu na bahari, Kigamboni kwa mfano, vinaweza kuwa na vyote viwili: chokaa ya mawe na chumvi ya bahari inayosogea bara kila mnavyovuta maji kwa pampu. Kuchemsha kunapunguza sehemu ya ugumu tu, ule wa bikaboneti, yaani chokaa iliyoyeyushwa na ile kaboni daioksaidi. Ugumu wa salfeti na kloridi unabaki. Chumvi inabaki yote, na kwa kuwa mvuke umeondoka na maji, imezidi kukolea. Jirani anayekuambia uchemshe mpaka chumvi iishe anakuunguzia gesi.

Mtambo wa kulainisha nao hauondoi chumvi. Ndani kuna chembe za rezini zinazoshika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake, ndiyo maana lazima uulishe chumvi kila baada ya muda. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazotoka, zinaingia 46 za sodiamu. Maji ya 400 yakilainishwa yote yanapata 184 kwa lita, juu ya chumvi yake ya awali, na ukifika karibu 200 ulimi unaanza kuonja. Mteja ananipigia simu: fundi, maji bado yana ladha, na kile kikalamu kinasoma vile vile. Ndiyo. Kitasoma vile vile, pengine kitapanda kidogo. Mtambo umefanya kazi yake: sabuni inatoa povu, koili haioti magamba. Ladha hukuniambia. Ndiyo maana bomba la jikoni siku zote naliacha nje ya mtambo, hasa kwenye nyumba yenye mtu wa presha aliyekatazwa chumvi.

Anayedhani maji laini ndiyo maji salama, apande Arusha. Vijiji vingi vya chini ya Mlima Meru vina maji matamu ya ulaini: sabuni inafurika povu, birika linang'aa, na meno ya watoto yana madoa ya kahawia. Miamba ya volkano imejaa floridi, na maji hayo yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikiwa nyingi huishika floridi na kuigandisha, kwa hiyo ugumu tunaoulaani huku pwani ni mojawapo ya vitu vinavyoizuia isipande. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaikoleza. Rezini ya kulainisha haiigusi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kubwa ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, na mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando mwembamba, nayo inaiondoa. Natamani ile picha ya birika ingekuwa ya meno.

Haya, maisha ya nyumbani. Kujua ulichonacho hakuhitaji kalamu: kwangua sabuni ya mche kwenye chupa ya maji yako na nyingine ya maji ya mvua, tikisa zote kwa nguvu. Yako yakitoa utando mweupe na povu la kusuasua, ni magumu. Ukitaka namba, peleka maabara.

Kufua, achana na sabuni ya mche, inaisha kwenye kalsiamu kabla haijafika kwenye nguo. Sabuni ya unga imetengenezwa kuvumilia ugumu. Au tia magadi kwenye ndoo, koroga, acha chokaa itulie chini, mimina maji ya juu uyafulie. Magadi hayo hayo ndiyo siri ya bibi ya maharage yasiyoiva: kalsiamu inakaza ganda, magadi yanaiondoa njiani. Kidogo tu kwenye sufuria, tafadhali, kwa sababu baadhi ya magadi, hasa ya maziwa ya bonde la ufa, yana floridi yake. Na usiyatie kwenye maji ya kunywa.

Ule utando wa juu ya chai ya rangi unakatwa na ndimu. Birika lenye magamba, mimina siki au maji ya ndimu, pasha, acha saa moja, suuza. Asidi ya betri sitaki hata kuisikia, na siki usiichanganye na dawa ya kufanyia nguo nyeupe, inatoa klorini. Nywele zikikakamaa, suuza mwisho kwa siki iliyozimuliwa sana.

Shabu haifai kwa kulainisha maji. Inatuliza tope, na njiani inageuza sehemu ya ugumu unaotoka kwa kuchemsha kuwa ule usiotoka. Filta ya mishumaa nayo inazuia uchafu na wadudu, kilichoyeyuka kinapita. Sumaku za kufunga kwenye bomba siziuzi. Kuna majaribio ya maabara yaliyoona chokaa ikiganda kwa umbo lingine lisilong'ang'ania, na mengine hayakuona chochote. Kuna nyumba mwenyewe anaapa zimemsaidia na koili yake kweli ilikuwa safi. Sina maelezo.

Shawa ya umeme, hapa nawaomba msikilize. Zile za bei rahisi zina koili iliyo uchi ndani ya maji. Maji yenye chumvi nyingi yanapitisha umeme vizuri, na ndiyo sababu ya kupigwa shoti kidogo unaposhika bomba. Nunua ile iliyoandikwa ya maji ya chumvi, koili yake imevikwa ala, na fundi aunge waya wa athi kwelikweli. Ila hiyo haizuii magamba. Itaota chokaa kama nyingine, na utaifungua kuisafisha.

Mashine ya RO inaondoa karibu vyote, ugumu, chumvi, floridi. Lakini ndogo za nyumbani zinamwaga lita kadhaa kwa kila lita moja unayokunywa, na utando wake unazibwa na chokaa ile ile usipoitanguliza na kilainishi. Yafaa kwa jikoni tu. Maji inayomwaga peleka chooni, kwenye maua hapana, chumvi yake itayachoma.

Yule mama nimemshauri simtanki la pili na mfereji wa bati. Mvua ya kwanza ya msimu aimwage, inabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Inayofuata ni laini kuliko chochote ninachoweza kumuuzia, na akichanganya nusu kwa nusu na ya bomba, 400 inakuwa kama 200 bila rezini wala umeme. Masika ikimalizika atalipunguza taratibu. Na mumewe anywe maji, yoyote yaliyo salama, mpaka mkojo uwe mweupe. Kanijibu kwamba shemeji yake bado anasisitiza mtambo. Nimemtumia bei.