Monita Ikigeuka Njano: Dhana Potofu na Ukweli Kabla Hujanunua Nyingine

Rangi zikiharibika kwenye kompyuta ya mezani, hukumu huwa moja karibu kila nyumba: kioo kimekufa. Inauma kuona familia ikijibana kununua monita nyingine, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya, au kwenye mpangilio ambao mtoto aliuwasha bila kujua.

"Rangi zimebadilika, basi kioo kimekufa"

Si lazima, na kuthibitisha hakuhitaji fundi. Chomoa waya wa picha nyuma ya kompyuta, monita uiache kwenye umeme. Itatoa ujumbe wake yenyewe kwamba hakuna kinachoingia. Unaweza pia kubonyeza vitufe vyake ukafungua menyu. Ujumbe huo na menyu hiyo hutengenezwa ndani ya monita, havitoki kwenye kompyuta. Vikionekana safi wakati picha ya kompyuta ni ya njano, kioo ni kizima. Vikiwa na kasoro ileile, hapo ndipo uishuku monita, na hata hapo angalia kwanza kama rangi kwenye menyu imewekwa Warm, yaani rangi zinazoelekea njano.

"Waya ungekuwa mbovu, picha isingekuja kabisa"

Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Waya wa VGA, ule ambao plagi yake mara nyingi ni ya bluu na una skrubu mbili pembeni, ni muundo wa tangu 1987 na bado umejaa kwenye monita za mtumba. Nyekundu, kijani na bluu hupita kila moja njia yake: pini ya 1, ya 2 na ya 3. Njia moja ikikatika picha inabaki, inayopotea ni rangi hiyo tu. Bluu ikikosekana, nyeupe inakuwa njano. Kijani kikikosekana inakuwa waridi iliyokolea, na nyekundu ikikosekana inakuwa samawati inayoelekea kijani. Kwa hiyo rangi unayoiona inakuonyesha pini ya kukagua.

Zima vyote, chomoa plagi, imulike kwa tochi ya simu. Utaona safu tatu za pini tano tano. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibano chembamba, maana ukiilazimisha inavunjika. Ukikuta nafasi tupu kwenye safu ya kati usishtuke, plagi nyingi hutoka kiwandani bila pini ya 9. Rudisha, kaza skrubu zote mbili. Kama rangi inakuja na kupotea ukigusa waya, tafuta waya mwingine.

Waya wa HDMI, ule wa kisasa wenye plagi bapa isiyo na skrubu, ni habari nyingine. Ikiharibika, mara nyingi utaona nukta zinazometameta au skrini kuzima na kuwaka. Na ile ya bei kubwa haiongezi uzuri wa rangi. Nyeusi ikionekana kijivu, tazama mpangilio wa kadi ya grafiki, sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha: huenda inatuma viwango vya mwanga vya 16 hadi 235 vya televisheni badala ya 0 hadi 255.

"Piga Windows upya, itakaa sawa"

Kabla hujakubali mafaili yako yaguswe, washa kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2 uingie BIOS, ukurasa wa mipangilio ya kompyuta yenyewe. Huko Windows haijaanza kazi. Rangi zikiwa mbovu hata huko, kupiga Windows hakutasaidia chochote. Zikiwa sawa, ingia Settings uzime Night light, inayoleta unjano jioni, kisha Color filters, inayoweza kufanya kila kitu kiwe cheusi na cheupe. Hii ya pili huwashwa pia kwa kubonyeza vitufe vya Windows, Ctrl na C kwa pamoja, kama njia hiyo ya mkato imeruhusiwa.

"Nimemtumia fundi picha ya skrini, anasema haoni tatizo"

Na kweli hawezi kuliona. Picha ya skrini huchukuliwa ndani ya kompyuta, kabla rangi hazijafika kwenye waya, na Night light nayo kwa kawaida haiingii humo. Piga monita yenyewe kwa kamera ya simu.

"Spika zina sumaku, ndizo zimeharibu rangi"

Hilo lilikuwa kweli kwa monita nene za zamani zenye kisogo. Hizi nyembamba za LCD hazidhuriki kwa spika.

Mistari ya wima isiyohama hata kwenye menyu ya monita ni kioo chenyewe, na hapo kununua nyingine ni uamuzi wa haki. Lakini kasoro ikikufuata hata baada ya kubadilisha waya na kuazima monita ya jirani, na BIOS nayo inaonyesha hivyo hivyo, mpelekee fundi kompyuta, akague kadi ya grafiki.