Kusikiliza Muziki Mnapocheza Wawili: Yanayosemwa Tanga na Ukweli Wake

"Mimi sina sikio la muziki." Hili hulisikia sana kwenye kumbi za Tanga, na limewanyima wengi raha ya dansi. Si kweli. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watoto wachanga wakiwa usingizini: pigo la kwanza la mdundo liliporukwa, ubongo ulionyesha kushtuka. Watoto wa siku mbili tatu! Sikio unalo, mazoezi ndiyo bado.

"Fuata ngoma tu, utafika." Kwenye rumba ushauri huu humpoteza mgeni. Rumba ya Kongo, iliyochangia sana dansi la bendi zetu za Tanga kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ilichota mengi kwenye muziki wa Kuba uliofika Afrika kwa santuri tangu miaka ya 1930. Humo tumba, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja, mara nyingi hupenya katikati ya mapigo, na mguu unaozikimbilia hujikwaa. Anza na besi, gitaa la sauti nzito. Chagua rumba moja ya zamani, kaa kitini, sikiliza besi peke yake mwanzo hadi mwisho huku kisigino kikigonga sakafu. Irudie ukifuata gitaa la rithimu, kisha gitaa la solo. Wimbo ulioujua tangu utotoni utakuwa na mambo ambayo hukuwahi kuyasikia.

"Kusikiliza ni kuhesabu moja, mbili, tatu, nne." Hesabu humsaidia anayeanza, lakini haimwambii wimbo umefika wapi. Waimbaji wakiwa kazini, hatua ndogo zinatosha. Wakinyamaza, solo likaanza kurudiarudia kipande kifupi, hapo sebene, sehemu ya magitaa yenye kuchangamsha, limeingia na mwili unataka kuchangamka. Anayehesabu tu huendelea na hatua zilezile kana kwamba hakuna kilichobadilika.

"Mwanamume asikilize, mwanamke afuate." Hii naikataa kabisa. Tazama wawili wanaoelewana: tarumbeta zinaingia, dada anachelewesha hatua kidogo, uzito wake bado uko mguu wa kushoto. Bwana anauhisi uzito huo kwenye kiganja kilichoshika mgongo, naye anangoja. Wanatua pamoja. Wote wawili wamesikiliza, na kila mmoja amemsikiliza mwenzake pia. Mwongozaji anayemvuta mwenzake kila pigo anamziba masikio, na ndiyo maana wengine hutoka ukumbini wamechoka mabega badala ya miguu.

Kuhusu kusimama karibu na spika ili usikie vizuri: hapana. Sauti ikizidi, besi humeza magitaa. Sogeeni mbali kidogo.

Mkitaka kuanza leo, chezeni wimbo mmoja mzima bila mizunguko wala madoido. Shikaneni, hamisheni uzito tu, mguu hadi mguu, kwa besi. Kama hapo bado mnapishana, rudieni wimbo huohuo, mizunguko ingoje.