Kikuza sauti cha transista: kipime kikiwa kimya

Ukiuliza transista ina kazi gani ndani ya amplifaya, utajibiwa kwamba inakuza sauti. Jibu hilo linamtosha anayepita njia, ila linampotosha anayetaka kutengeneza. Ishara dhaifu ya maikrofoni haikui hata kidogo. Inaingia kwenye transista na kazi yake inaishia humo humo. Kinachotoka upande wa pili ni umeme wa betri, uliolazimishwa kufuata umbo la ile ishara. Mguu wa dereva hausukumi lori kupanda mlima wa Kitonga: mguu unakanyaga mafuta, injini ndiyo inayovuta.

Kifaa hiki kilipatikana Desemba 1947 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani. John Bardeen na Walter Brattain ndio waliokifanya kifanye kazi, ndani ya kikundi kilichoongozwa na William Shockley, na mwaka 1956 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kabla yake ishara zilikuzwa na valvu za kioo, zilizohitaji kupashwa moto kwanza na kutumia umeme mwingi. Ndiyo maana redio za zamani zilichukua muda kabla ya kuanza kuongea.

Tuchukue sakiti moja halisi ambayo vifaa vyake vyote hupatikana kwa mafundi redio: betri ya volti 12, transista ya BC547, rezista nne (za kupinga mkondo) na kapasita tatu (ya kuingizia wimbi, ya emita na ya kutolea wimbi). BC547 ina miguu mitatu, yaani kolekta, besi na emita. Mkondo mkubwa hupita kutoka kolekta kwenda emita, na mkondo mdogo sana unaoingia kwenye besi ndio unaoamua huo mkubwa uwe kiasi gani. Uwiano wa mikondo hiyo miwili kwa BC547 unaweza kuwa popote kati ya 110 na 800. Transista mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana mara tatu au nne, na bado zote mbili zikawa nzima. Kwa hiyo anayepanga hesabu zake zote kwa kutegemea uwiano huo anabahatisha.

Kuna shida nyingine. Transista ya silikoni haianzi kupitisha mkondo wa maana mpaka besi iizidi emita kwa takriban volti 0.6 hadi 0.7. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu, tena nusu ya wimbi lake iko upande wa hasi. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye besi, hutasikia chochote. Inabidi transista iwekwe katika hali ya kufunguka nusu kabla sauti yoyote haijafika, ili wimbi likija lipate nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo elimu yote ya sakiti hii, na ndipo wanafunzi wanapopapita haraka kukimbilia hesabu za ukuzaji.

Rezista ya 47K, yaani omu elfu 47, inatoka kwenye chanya kwenda kwenye besi, na ya 10K inatoka kwenye besi kwenda hasi. Zinagawana volti 12, na besi inapata volti 2.1. Toa 0.65, emita inabaki na 1.45. Chini ya emita kuna rezista ya 1K, kwa hiyo mkondo ni miliampia 1.45. Karibu mkondo huo wote umepitia kwenye rezista ya 3.9K iliyo juu ya kolekta, na humo zimepotea volti 5.65. Kolekta inasoma volti 6.35, karibu katikati ya betri. Hakuna mahali ule uwiano wa 110 hadi 800 umeingia kwenye hesabu.

Rezista ya emita ina kazi ya pili ambayo watu wa pwani na joto lao wanapaswa kuipenda. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, volti zinazohitajika kati ya besi na emita hushuka kwa takriban milivolti 2. Kutoka nyuzi 20 za asubuhi hadi nyuzi 45 ndani ya boksi lililoanikwa juani, hiyo ni milivolti 50. Bila rezista ile, huku besi ikiwa imeshikiliwa palepale, mkondo ungepanda mara kadhaa na kolekta ingezama. Ikiwepo, emita inapanda kutoka 1.45 hadi 1.5, na kolekta inasogea kwa volti 0.2 tu.

Sasa leta sauti. Kapasita ya mikrofaradi 10 inapitisha wimbi kwenda kwenye besi na kuzuia volti 2.1 zisirudi kwenye maikrofoni. Upande wake wa chanya utazame besi. Wimbi likipandisha besi, mkondo unaongezeka, rezista ya 3.9K inakula volti zaidi, na kolekta inashuka. Besi ikishuka, kolekta inapanda. Wimbi linatoka limepinduliwa, jambo ambalo sikio halilitambui.

Linatoka kubwa mara ngapi? Kwa rezista hizo peke yake, 3.9K kugawanya kwa 1K ni karibu mara 4. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na rezista ya emita, wimbi linapata njia ya mkato na kuiruka ile 1K. Kinachobaki ni ukinzani wa ndani wa transista yenyewe: milivolti 25 kugawanya kwa miliampia 1.45, yaani omu 17.24, au 17 kwa ufupi. Gawanya 3900 kwa 17.24 na ukuzaji unaruka hadi kama mara 226. Lakini kapasita hiyo na omu 17 zinaanza kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 93 hivi, kwa hiyo sauti nzito ya ngoma inapwaya. Weka mikrofaradi 470 na mpaka huo unashuka hadi karibu hezi 20. Redio kuukuu inayotoa sauti nyembamba na dhaifu mara nyingi ina kapasita ya aina hii iliyokauka.

Mara 226 si zawadi ya bure. Kolekta haiwezi kupanda zaidi ya volti 12, wala kushuka chini ya emita. Wimbi la milivolti 10 linatoka na volti 2.3, bila kukatwa. La milivolti 50 lingehitaji volti 11 kila upande, na hakuna. Vilele vyake vinakatwa, na sauti inakwaruza. Wanafunzi wakichomeka simu yenye milivolti mia kadhaa hulaumu transista, wakati dawa ni kutoa kapasita ya emita.

Ikigoma, iondolee sauti kabisa na upime kwa mita, ncha nyeusi kwenye hasi. Kolekta ikiwa na volti 12 kamili na emita sifuri, hakuna mkondo: angalia besi. Besi ikiwa sifuri, rezista ya 47K imekatika au haikuchomelewa vizuri. Ikiwa na 2.1, transista imekatika ndani. Kolekta na emita zikisoma karibu sawa, kwenye 2.5 hivi, angalia tena besi. Ikiwa zaidi ya 3, rezista ya 10K imekatika. Ikiwa 2.1, yaani pungufu ya volti za emita, transista imeshoti. Ukiibadilisha kwa C945, miguu haifanani. Uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, BC547 kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi.

Usiunganishe spika ya omu 8 kwenye kolekta kupitia kapasita. Omu 8 kugawanya kwa 17 ni chini ya nusu, yaani wimbi linatoka dogo kuliko lilivyoingia. Spika inataka hatua nyingine ya kuipa mkondo, na njia nyepesi ni chipu ya LM386. Yenyewe tayari inakuza mara 20, kwa hiyo mbele yake ukuzaji wa mara 4 unatosha kwa mengi. Aina yake ya kawaida mwisho wake ni volti 12. Betri ya gari injini ikiwa inawaka hufika 14.