Pikipiki iliyolala miaka haijafa injini

Mjini Kampala na hata vijijini, wengi huamini kwamba pikipiki iliyoachwa nyuma ya nyumba miaka mitatu au minne imeshakufa injini, ya kuuzwa kama chuma chakavu. Imani hiyo ina chanzo: ukipiga kiki mpaka mguu uume, haiwaki.

Mara nyingi mkosaji ni petroli. Ikikaa miezi mingi, sehemu zake nyepesi huvukiza, na mabaki hugeuka utomvu unaoziba vitundu vidogo vya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Vitundu hivyo ni vyembamba kuliko hata sindano ya kushonea, kwa hiyo kumimina petroli mpya juu ya ile ya zamani hakusaidii. Mwaga yote, safisha tangi, fungua kabureta uioshe.

Kabla ya hapo, jaribu injini yenyewe. Toa plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, dondoshea oili kidogo ndani ya silinda, iache ilale usiku kucha. Asubuhi sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Injini ikizunguka, pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, haijashikwa na kutu. Ikigoma, usiilazimishe, ongeza oili, subiri tena.

Kisha irudishe plagi kwenye kofia ya waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na petroli na mbali na tundu lake, upige kiki. Cheche ya buluu ikionekana, umeme upo.

Breki na matairi ni habari nyingine. Mpira uliopasuka kwa jua hausafishiki, huo nunua mpya.