Chandarua cha bembea: ni nini, na kinashonwaje

Chandarua cha bembea ni neti inayomfunika mtu aliyelala kwenye bembea ya kulalia, ile ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili, kuanzia juu hadi chini ya mgongo. Hapo kwenye mgongo ndipo kinapoachana na chandarua cha nyumbani. Kitandani godoro linakukinga, nawe unachomeka pindo chini yake ukalala. Kwenye bembea mwili umekibana kitambaa chembamba, na mbu hupitisha mdomo wake katikati ya nyuzi bila taabu. Ukitundika chandarua cha kawaida na kuacha pindo likielea hewani, mbu wanaingia kwa chini, kisha mnalala nao humo humo.

Kwa mtu anayelala Msimbati, kule pwani ya Mtwara, au karibu na mikoko ya mlango wa Mto Ruvuma, jambo hili si la mapambo. Mbu wa Anopheles wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, na mmoja wao, Anopheles merus, huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani. Kwenye matope ya mikoko kuna usubi pia, ambao hupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Neti ya matundu madogo zaidi huwazuia, lakini inazuia na upepo, na joto la Desemba kule mnalijua. Mimi ningesogea mbali na mikoko, mahali upepo wa bahari unapopiga: usubi hawana nguvu ya kuruka penye upepo.

Kushona ni kazi nyepesi kwa mwenye cherehani. Kwanza funga kamba nyembamba juu ya bembea, kutoka ncha moja hadi nyingine. Bembea ya mita 3 huhitaji kamba ya kama mita 2.5. Neti italala juu ya kamba hiyo. Kisha mtu alale, na mwingine apitishe uzi kutoka kwenye kamba, uzunguke chini ya bembea na kurudi juu. Kipimo hicho, ukiongeza shibiri mbili tatu, ndio upana wa neti. Usibanie: neti ikigusa kiwiko, mbu atauma kwa nje. Shona mfuko mrefu ulio wazi ncha zote mbili, pinda kila ncha na upitishe kamba ya kukazia. Unauvisha kwenye bembea kabla ya kuifunga mtini. Mlango uwe mpasuko wa zipu ubavuni. Wengine huacha tundu chini lenye kamba ya kukaza, wakaingia kwa kuinama; ni rahisi kushona, ila ukitaka kutoka usiku utajuta.

Neti nunua dukani. Chandarua chenye dawa ulichopewa kliniki kina kazi yake nyumbani, usikitie mkasi.

Ncha za mfuko wa neti zikazwe sana kwenye kamba za bembea. Mikorosho ya Mtwara na Lindi ina maji moto, wale sisimizi wa miti wanaosaidia kuwala wadudu waharibifu wa korosho, na kamba yako kwao ni barabara. Kagua mti kabla ya kufunga. Na mnazi wenye nazi uache, hata kama kivuli chake kinakuita. Neti haizuii nazi.