Gari asubuhi ya baridi: mengi tunayoambiwa sio

Sisi wa Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta kioo cha gari kina barafu, na ndo msimu wa kila mtu kuwa fundi.

Ya kwanza, eti uache gari iungurume dakika 15 ndo uondoke. Enzi za kabureta na choki sawa, ila hizi za EFI, yani petroli inapulizwa kwa kompyuta, hiyo kompyuta inasoma joto la maji na la hewa inaongeza petroli yenyewe, we subiri nusu dakika mpaka moja oili ipande, toka mdogomdogo. Ikiwa imesimama inachelewa kupata moto, afu ile petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Na nyie wa kupiga resi injini ikiwa ya baridi, oili bado nzito jamani mnajisagia vyuma tu.

Mwingine anawasha anaona RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) iko 1500 anakimbilia gereji, eti sailensa, yani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, imepanda! Haijapanda, inajipasha, ikipata moto inashuka yenyewe. Moshi mweupe nao hivyohivyo, petroli ikiungua inatoa maji, ndo yale yanadondoka kwenye ekzosi. Wa kuogopa ni ule usioisha hata gari ikipata moto vizuri huku maji ya rejeta yanapungua, au wa bluu, hapo inakula oili.

Sasa inayoniuma mimi ni themostati. Fundi aliing'oa akaniambia "hizi ni za Ulaya bosi, huku ni kwa ajili ya kuchemsha injini tu", nami nikakubali, tena Njombe! Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike kama nyuzi 82 hivi, ndo inafungua. Ukiitoa maji yanapoa tangu unawasha, kompyuta inajua bado baridi inaendelea kumwaga petroli, na gia ya mwisho ya automatiki inagoma kuingia mapema. Nilikaa miezi na Vitz yangu inakunywa mafuta kama lori nikalaumu plagi, nikalaumu petroli ya sheli, kumbe ile taa ya bluu ya kwenye dashibodi, ya kusema injini bado ya baridi, ilikua inanionyesha kila siku, naikuta bado inawaka nikiwa nishafika kazini. Nimefunga mpya, siku hizi inazima hata sijaikuta lami.